Virusi Vimetoka, Kazi Imebaki

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za sharika za Kibaha na Kisarawe, Janga

Tulipotoa ratiba ya semina hii, wapo waliotuuliza kwa nini katikati ya habari za visima na vikundi vya kuweka na kukopa tumeingiza kompyuta. Swali ni la haki, na jibu lake ni kisa kilichotupata sisi wenyewe.

Mwaka jana kompyuta ya mmoja wa watunza hazina wetu iliingiwa na virusi. Ni kompyuta ya nyumbani. Jioni watoto wanafanyia kazi za shule, usiku baba anaandikia taarifa ya mradi. Dalili ilikuwa ile ambayo wengi wenu mnaijua: ukichomeka flashi, mafolda yote yamegeuka kuwa njia za mkato. Tukamwita fundi, akapiga Windows upya, akapokea ujira wake, na mashine ikawa nyepesi kama iliyotoka dukani. Sisi ofisini tukaandika katika daftari kwamba tatizo limekwisha.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa hilo ni letu, si la mtunza hazina wala la fundi. Wiki tatu baadaye mfadhili mmoja alitupigia simu akiuliza kwa nini tumebadili namba ya akaunti ya benki. Hatukuwa tumebadili chochote. Barua pepe aliyoipata ilitoka katika anwani yetu wenyewe, ikajibu barua ya kweli kuhusu fedha za kisima, tena kwa maneno tunayoyatumia siku zote. Kama asingepiga simu, fedha zingekwenda na kisima kingebaki kwenye makaratasi.

Tulipochunguza tulikuta kwamba kabla fundi hajafika, virusi vilikwisha kuchukua neno la siri la barua pepe. Mashine ilisafishwa, lakini neno la siri lilikuwa lilelile, na aliyeliiba aliendelea kuingia kama mwenye nyumba. Zaidi ya hapo, ndani ya mipangilio ya barua pepe palikuwa na agizo dogo kwamba kila barua inayoingia ipelekwe nakala kwenye anwani nyingine tusiyoijua. Agizo la namna hiyo halikai ndani ya kompyuta. Hata ukipiga Windows mara kumi, litabaki palepale.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza baada ya virusi kuondolewa ni kubadili maneno ya siri, na utaratibu wake una umuhimu. Ukibadili wakati mashine bado ina virusi, umempa mwizi ufunguo mpya. Tumia kifaa kingine kilicho safi, au subiri mashine isafishwe kwanza. Anza na barua pepe, kwa sababu huko ndiko hutumwa barua za kurejesha maneno ya siri ya huduma nyingine. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, ondoa vifaa vyote vilivyokwisha kuingia, na tazama mipangilio ya kupeleka barua mbele. Wale wanaofungua WhatsApp kwenye kompyuta waangalie pia katika simu zao sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na kukata wasivyovijua.

La pili ni flashi. Mashine ile ilipotoka kwa fundi ilikaa salama siku nne tu, virusi vya njia za mkato vikarudi. Fundi alikuwa amefuta sehemu ya C inayobeba Windows, akaiacha D yenye mafaili, kama wanavyofanya mafundi wengi ili mteja asipoteze kazi zake. Nia ni njema, ila mafaili yaliyoambukizwa huwa yamekaa humo humo. Na flashi iliyokuwa katika mkoba ilikuwa imezunguka Mlandizi, Kibaha na Kisarawe, na kuingia steshenari zisizopungua tatu. Ni vyema basi sehemu ya D na flashi zote za nyumba hiyo zikakaguliwa siku ileile, kabla faili lolote halijafunguliwa.

Jambo hili la flashi si geni. Mdudu aliyeitwa Conficker, aliyeanza mwaka 2008, alisambaa pia kwa njia hiyo, kwa sababu Windows za wakati ule zilikubali kuendesha programu mara flashi inapochomekwa. Mwaka 2011 Microsoft walitoa sasisho la kuzuia hilo hata katika Windows za zamani. Virusi vya njia za mkato havihitaji mlango huo. Vinangoja mtu abofye mwenyewe. Ukiona folda lenye alama ya mshale mdogo katika flashi, usilibofye. Na ukienda steshenari, beba flashi yenye faili moja tu la kuchapisha, si daftari zima la kikundi.

La tatu huenda likawaudhi wachache. Programu nyingi katika kompyuta zetu ni za kuvunja kufuli. Anayezileta hutuambia tuzime kwanza kinga ya virusi ili "zikubali", nasi tunazima. Huko ni kumfungia mbwa ili mgeni aingie. Kwa kuandika barua na kutunza hesabu, LibreOffice inatolewa bure na kihalali. Programu za aina hiyo si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kuhusu kinga yenyewe, Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake, nayo inatosha kwa nyumba nyingi mradi isizimwe. Kuweka kinga mbili kwa pamoja hufanya mashine iwe nzito, na zenyewe zinaweza kugombana.

Tunajua bando ni ghali, na sasisho la Windows linaweza kula bando la wiki. Lakini mkumbuke WannaCry. Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu lile tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilikuja tarehe 12 Mei, likaingia katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Miezi miwili ilikuwapo ya kujikinga. Aidha, tungependa wafadhili wetu watusikilize hapa kwa upendo: Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta kuukuu isiyoweza kupokea Windows 11 tunaishukuru, lakini mtusaidie pia kuiwekea Linux kabla ya kuituma.

Watoto wafunguliwe akaunti yao isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na baba naye atumie ya namna hiyo kwa kazi za kila siku. Nakala za hesabu ziwekwe katika diski mbili, moja ikae usharikani, na zisiachwe zimechomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili kwa kudai fedha hufunga na diski wanayoikuta.

Tusisahau yaliyomo katika mashine hizi. Mna majina ya watoto tunaowalipia ada, namba za simu za wajane, na madeni ya wanakikundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kompyuta kukaa sebuleni si udhuru.

Kuanzia sasa ofisi yetu haitabadili namba ya akaunti kwa barua pepe peke yake. Mfadhili akipata barua ya namna hiyo, apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo. Tunawaomba wajumbe nao wafanye vivyo hivyo wakitumiwa ujumbe wa kuhamisha fedha za mradi, hata kama umetoka kwetu.

Karibu na mlango pana meza yenye kompyuta ya kukagulia flashi. Kabla ya chakula cha mchana, kila mmoja aweke yake pale ikiwa na jina lake kwenye karatasi. Mtunza hazina tuliyemtaja ndiye atakayezikagua.