Kumkumbuka Mzee Bildad Kaggia, Askari, Mhubiri na Waziri Msaidizi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Nimepewa heshima ya kunena mbele yenu habari za mtu mmoja aliyekwisha kufariki, nami sikutafuta mbali, nikamchagua karani mwenzetu. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina la Mzee Bildad Kaggia kwa ajili ya kesi ya Kapenguria, bali si wengi wakumbukao ya kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa mezani na kalamu mkononi, kama tukaavyo sisi. Si nia yangu kuleta siasa katika chama hiki, maana kanuni zetu zaikataza. Nitasimulia maisha ya mtu, na pale siasa itakapochungulia dirishani mniwie radhi.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, karibu na Nairobi, naye asili yake ni Murang'a. Shuleni alikuwa hodari, akafaulu kuingia shule ya Alliance, lakini karo haikupatikana. Humu chumbani wamo watu ambao habari hiyo hawana haja ya kuelezwa. Basi akaandikwa ukarani katika afisi ya Bwana Mkuu wa Wilaya ya Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo, na wakati wa vita vikuu vya pili akaingia jeshini.

Jeshi lilimpeleka Mashariki ya Kati, na hatimaye Uingereza. Alikuwa kijana aliyelelewa katika dini ya misheni, na safari hizo zilimpa nafasi ya kuwaona Wazungu katika nchi yao wenyewe, mahali ambapo si kila mmoja wao ni bwana mkubwa, na yuko afagiaye njia na yuko aombaye. Aliporejea kwao mwaka 1946 hakuwa tena mtu yule aliyeondoka. Akaachana na kanisa la misheni, akaanza kuhubiri ya kuwa Mwafrika aweza kumwabudu Mungu pasipo kuvikwa desturi za Kizungu kana kwamba nazo zimeandikwa katika Injili. Watu wakaiita Dini ya Kaggia. Mimi ni mtoto wa shule ya misheni, wala sikubaliani na kila alilolihubiri. Lakini nakiri kwamba tulipokuwa wanafunzi tuliwahi kuwauliza walimu wetu swali lile lile, nao wakatuambia tuketi.

Mahubiri hayakumtosha. Akaingia katika vyama vya wafanyakazi, akawa kiongozi wa chama cha makarani na watumishi wa biashara, na pamoja na Bwana Fred Kubai akalishika tawi la KAU la Nairobi mwaka 1951. Yaliyofuata mwayajua. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 alikamatwa, na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa, yeye na wenzake watano, miaka saba ya kazi ngumu. Wakapelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana. Alitoka kifungoni mwaka 1961.

Mwaka 1963 watu wa Kandara wakamchagua awe Mbunge wao, naye akafanywa Waziri Msaidizi wa Elimu. Hapa nawaombeni tukae kidogo. Yule aliyekosa karo sasa amewekwa katika wizara ya elimu. Ametoka jela; ana mshahara, ana motakaa, ana watu wa kumwamkia. Lililotakiwa kwake ni kunyamaza tu, na sisi makarani twajua ya kuwa kunyamaza ni nusu ya kazi. Lakini wengi wa waliomchagua hawakuwa na ardhi, naye akasema waziwazi kwamba si haki mtu aliyenyang'anywa shamba auziwe shamba kwa deni. Akaonywa, asinyamaze. Mwezi wa Juni 1964 akaondoka katika uwaziri.

Mwaka uliofuata Mzee Kenyatta alifika Kandara, akamsema mbele ya watu wake mwenyewe. Akawataja mmoja mmoja waliofungwa pamoja nao: huyu amepanda kahawa nyingi, huyu ana nyumba kubwa na shamba zuri, huyu ana mabasi yake njiani. Na kila alipomtaja mmoja, alimrudia Kaggia na swali lile lile, kwamba yeye amejifanyia nini.

Swali hilo, ndugu zangu, si geni kwetu. Nilipokwenda likizo safari iliyopita, mama yangu mdogo aliniuliza mbele ya wageni, "Mwanangu, una miaka kumi na miwili afisini. Mwenzako ana mitano, naye amekwisha kujenga nyumba ya mawe. Wewe umejenga nini? Wajukuu zako utawaachia kalamu?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Namjua mwenzangu huyo, na najua mawe ya nyumba ile yalipitia dirisha gani la afisi gani. Sikuweza kumwambia mama. Nilikunywa chai ikiwa imepoa, nikaaga mapema.

Nisimpambe Mzee Kaggia kupita kiasi, maana angekuwa malaika nisingejishughulisha naye. Mwaka 1966 aliingia chama cha KPU, akawa makamu wa Bwana Oginga Odinga, akapoteza kiti chake cha Bunge. Mwaka 1968 akafungwa tena, mara hii na serikali ya watu weusi wenzake, kwa kosa la mkutano usio na ruhusa. Mwaka 1969 akarudi KANU, na baadaye akakubali uenyekiti wa bodi ya pamba. Wako waliosema ya kuwa amechoka. Yamkini alichoka, mtu aliyevunja mawe Lokitaung ana haki ya kuchoka. Lakini sijasikia hata adui yake akisema ya kuwa alijitajirisha kwa mali ya watu.

Alifariki tarehe 7 Machi 2005. Ameacha kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza, Roots of Freedom, kilichotolewa mwaka 1975. Nilikinunua kwa hamu, nikitaka kuona alivyolijibu swali lile la Kandara, ili nami nipate la kumjibu mama mdogo. Kumbe kitabu, kama jina lake kamili lisemavyo, chasimulia tangu mwaka 1921 mpaka 1963. Nalo swali liliulizwa mwaka 1965.

Nakala yangu nimemkabidhi Bwana Mwandishi. Atakayependa kuiazima na atie jina lake katika daftari, airudishe baada ya majuma mawili.