Maneno ya Kuaga ya Kaimu Afisa Elimu

(Ifuatayo ni hotuba ya Kaimu Afisa Elimu wa kata mojawapo mkoani Singida, aliyoitoa mbele ya wazee, walimu na wazazi siku alipokabidhi ofisi.)

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa vijiji, walimu wenzangu, wazee wangu na wazazi wapendwa,

 

Nilipopewa barua ya kukaimu niliambiwa ni kwa miezi mitatu. Leo ni mwezi wa kumi na tisa. Mwenye kukaimu ni kama mgeni aliyeachiwa nyumba: hathubutu kuhamisha kitanda, lakini paa likivuja huulizwa yeye. Kwa kutaraji kuondoka upesi, mwaka wa kwanza sikugusa jambo lolote zito. Hilo lilikuwa kosa langu, nami nalitaja hadharani ili anayenifuata asilirudie.

Ndugu zangu, wengi wa wazee waliomo humu waliingia darasani kwa sababu ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Elimu ya Msingi kwa Wote iliyofuata mwaka 1977. Wengine waliingia wakati wa MMEM, mpango ulioanza mwaka 2002 baada ya kufutwa ada. Na wadogo wanaingia tangu Januari 2016, Serikali ilipoanza kutoa elimu bila malipo. Mara zote tatu mlango ulifunguliwa, watoto wakamiminika, kisha madarasa, walimu na vitabu vikawa vinawafuata kwa nyuma. Silaumu, lau mlango usingefunguliwa, mimi mwenyewe ningekuwa nachunga ng'ombe mpaka leo. Lakini kuandikishwa ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine.

Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza: ikiwa Serikali inalipa, mchango wa uji ni wa nini? Basi na tuhesabu pamoja. Utaratibu wa mwaka 2016 uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zikatengwa kwa vitabu. Zinabaki 6,000. Zigawe kwa siku 194 za masomo, utapata kama shilingi 31 kwa siku, nazo ni za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Uji haumo. Ni kweli kwamba mchango ni wa hiari, na hairuhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchanga. Walimu nao walisikie hilo vizuri.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua usiku. Mwezi wa Aprili, mtama na uwele vikiwa vinakomaa, nilifika katika shule mojawapo bila kutoa taarifa. Daftari la mahudhurio lilionesha kwamba darasa la nne limetimia. Nikahesabu vichwa: zaidi ya theluthi hawakuwapo. Nilipomwuliza mwalimu faraghani alijibu, “Mkuu, nikiandika ukweli nitaulizwa kwa nini, nami sina jibu.” Nikakaa kimya, kwani taarifa za namna hiyo zilikuwa zikipanda juu kila mwezi zikiwa na saini yangu.

Tangu siku ile tuliandika idadi ya kweli. Kata yetu ikashuka, nami nikaitwa kujieleza. Nilijieleza. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tuliweza kuuliza watoto wako wapi. Wengine walikuwa mashambani wakiwinga kweleakwelea tangu alfajiri. Wavulana walikuwa machungani. Na wasichana kadhaa walikwisha pandishwa basi kwenda mijini kufanya kazi za ndani, wengine wakiwa hawajamaliza hata darasa la sita.

Mzee mmoja aliniambia, “Mwalimu, ndege hawana likizo.” Ni kweli, na mtu hawezi kumwambia mwenye njaa aache shamba lake liliwe. Ndipo tukapatana na vijiji viwili kwamba watu wazima wawinge asubuhi kwa zamu, na watoto washike zamu baada ya masomo. Kijiji cha tatu kilikataa, na mpaka leo bado kinakataa.

Jambo la pili ni kusoma kwenyewe. Niliwapa watoto wa darasa la tatu ukurasa wanaoujua, wakausoma kwa sauti nzuri. Nikaufunika mstari wa juu, nikawaonesha neno moja katikati, wengi hawakulitambua. Walikuwa wamehifadhi ukurasa kwa masikio. Nasema hivi nikiwa nimelelewa madrasa, nasi huko tunayo tabia hiyo hiyo ya kuitikia kwa pamoja, na mwalimu akiridhika na sauti. Na mtoto anayeongea Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, akifundishwa na mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, hukaa miezi mingi akiitikia asichokielewa. Katika shule moja bibi mmoja alikubali kuja darasa la awali kuwasimulia watoto hadithi kwa lugha zote mbili. Hakulipwa chochote isipokuwa uji.

Pia naomba mfahamu kwamba tangu Novemba 2021 binti aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule za Serikali. Wapo wazazi niliowatembelea ambao hawakuwa wamelisikia.

Namkabidhi mwenzangu funguo mbili, muhuri, pikipiki inayohitaji tairi la nyuma, na daftari hili jeusi ambalo halimo katika orodha ya mali za ofisi. Ndani yake mna majina ya watoto walioondoka tangu Januari, na kando ya kila jina mahali tulipoambiwa yupo. Majina sita hayana mahali. Kikao na wazee wa kijiji cha tatu ni Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Nimewaahidi kwamba mwenzangu atafika, nami nitamsindikiza.

Wassalaam alaikum.