Amri ya Mkubwa na Dhamana ya Kamanda

Katika majeshi na polisi ya nchi zote jirani, askari hufundishwa tangu siku ya kwanza ya gwaride kwamba amri ya mkubwa hutiiwa. Mafunzo hayo ni ya lazima, kwani kikosi ambacho kila mtu huijadili amri kabla ya kuitekeleza si kikosi tena, ni baraza. Hata hivyo, sheria nayo ina neno lake juu ya amri, na neno hilo lilitamkwa kwa kirefu mjini Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994 na kufunga kazi zake Desemba 2015. Hukumu za mahakama hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, tena kwa lugha ya mawakili, na nyingine zina kurasa mamia kwa mamia. Matokeo yake ni kwamba wale zinaowahusu zaidi, yaani koplo mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani na mkuu wa kituo mwenye funguo za mahabusu, ndio ambao hawakupata nafasi ya kuzisoma.

Jambo la kwanza ni ule utetezi wa kale wa kusema, “Niliamriwa.” Sheria iliyoianzisha mahakama ya Arusha ilisema katika kifungu chake cha 6 kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtendaji kosa lake, bali yaweza kufikiriwa katika kupunguza adhabu. Hapa pana mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mtu aliyevamiwa kwa panga akampiga mvamizi ili kuokoa roho yake, akithibitisha hivyo hatoki mahakamani na kifungo kidogo. Hutoka bila kosa lolote. Mtu aliyeiba unga kwa sababu watoto wake walilala na njaa ni mwizi bado, ila hakimu aweza kumwonea huruma anapohesabu miezi ya kifungo. Amri ya mkubwa imo katika fungu hili la pili. Askari aliyeua raia kwa kuamriwa ni mwuaji mbele ya sheria, na mazungumzo yanayobaki ni juu ya urefu wa kifungo.

Je, kama angeuawa yeye mwenyewe kwa kukataa? Swali hili ni zito kuliko yote, na lilifika mbele ya majaji wa rufani waliokuwa wakitumikia mahakama ya Arusha pamoja na ile ya Yugoslavia ya zamani. Kijana Dražen Erdemović, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa katika kikosi kilichowapiga risasi wanaume na vijana wa Kiislamu waliotekwa Srebrenica mwezi Julai 1995. Alieleza kwamba alikataa, akaambiwa basi asimame katika mstari pamoja na wale wanaouawa. Oktoba 1997 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba kutishwa namna hiyo hakumfutii askari kosa la kuua watu wasio na hatia. Lakini hawakukipuuza kitisho chenyewe, kwani kifungo chake, ambacho hapo awali kilikuwa miaka 10, kilishushwa mwaka uliofuata hadi miaka 5. Wale majaji wawili waliopinga hawakuwa watu wepesi, na wanasheria wanabishana juu ya shauri hilo hadi leo.

Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai huko The Hague, umelegeza kamba kidogo. Katika makosa ya kivita, askari aweza kujitetea kwa amri iwapo mambo matatu yametimia kwa pamoja: alikuwa na wajibu wa kisheria wa kutii, hakujua kwamba amri ni haramu, na uharamu wake haukuwa wazi. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Askari aliyeamriwa kuilinda nyumba au kufunga barabara hana njia ya kujua kama nyaraka za mkubwa wake zina kasoro, na sheria haimtaki awe wakili. Aliyeamriwa kuwapiga risasi mateka waliokwisha kuweka silaha chini hahitaji wakili ili ajue. Tena mkataba unatamka kwamba amri ya kufanya mauaji ya kimbari au jinai dhidi ya binadamu ni haramu waziwazi siku zote.

Jambo la pili linawahusu wenye nyota mabegani. Kamanda aweza kutiwa hatiani kwa tendo ambalo hakulitenda wala hakuliamuru. Hapo mahakama huuliza maswali matatu. Je, watendaji walikuwa chini ya mamlaka yake kwelikweli? Je, alijua, au alikuwa na sababu ya kujua? Je, alichukua hatua zilizo lazima na zilizo katika uwezo wake, ama kuzuia ama kuadhibu?

Swali la kwanza halijibiwi kwa kutazama cheo. Katika kesi ya maofisa wanne wa jeshi la Rwanda, ambayo ilisikilizwa kwa siku 408 na kuwaita mashahidi 242, mwenye cheo kikubwa kuliko wote alikuwa Brigedia Jenerali Gratien Kabiligi, aliyekamatwa Nairobi mwezi Julai 1997. Yeye aliachiwa huru Desemba 2008, kwa kuwa mashtaka dhidi yake hayakuthibitika. Miongoni mwa waliopewa kifungo cha maisha siku hiyo hiyo alikuwa Théoneste Bagosora, kanali aliyekwisha kustaafu, ambaye mwaka 1994 alikuwa mkurugenzi katika ofisi ya Waziri wa Ulinzi. Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili, mkuu wa jeshi alikufa humo, na Waziri wa Ulinzi alikuwa Cameroon. Mahakama iliona kwamba kuanzia hapo hadi tarehe 9, mamlaka ya juu ya wizara yalikuwa mikononi mwa Bagosora.

Rufani yake nayo ina fundisho. Desemba 2011 majaji walisema haikuthibitika kwamba aliamuru mauaji kwenye vizuizi vya barabara za Kigali. Hata hivyo hakutoka. Alibaki na hatia kama mkubwa aliyeacha kuzuia, na kifungo kikawa miaka 35.

Swali la tatu ndilo lililomwokoa Jean-Pierre Bemba wa Kongo. Wapiganaji wake walivuka kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 kumsaidia Rais Patassé, wakaua, wakabaka na kupora. Bemba alihukumiwa miaka 18 mwaka 2016. Juni 2018 majaji watatu dhidi ya wawili walimwachia, wakisema kamanda aliye mbali, ambaye askari wake wamo katika nchi ya kigeni, apimwe kwa yale aliyoweza kufanya wakati ule, si kwa kila jambo ambalo mtu aweza kulibuni baadaye. Wahanga wa Bangui hawakufurahi, na ni vigumu kuwalaumu.

Mfano wa karibu wafaa. Mahabusu anapigwa usiku na askari wa zamu. Kesi hiyo haitafika The Hague; ni ya mahakama za nchi na ya nidhamu ya kikosi. Lakini maswali hayo matatu husaidia kuipima. Mkuu wa kituo alikuwa nyumbani amelala, hakuamuru. Asubuhi anaona damu sakafuni, anaambiwa kuwa mtu ameanguka. Tangu dakika hiyo ana sababu ya kujua. Akiuliza, akaandika katika daftari la kituo, akampeleka majeruhi hospitali na kumtoa zamu mshukiwa, amefanya yaliyo katika uwezo wake. Akiagiza sakafu ioshwe, jibu lake kwa swali la tatu limekwisha kupatikana.

Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ni wanachama wa Mkataba wa Roma. Rwanda haikujiunga. Burundi ilijitoa tarehe 27 Oktoba 2017, lakini siku mbili kabla ya hapo majaji wa The Hague walikuwa wamekwisha kutoa idhini ya kuchunguza matendo yaliyofanyika huko tangu Aprili 2015, nchi hiyo ilipokuwa bado mwanachama.