Faili la Mpiga Taipu wa Dublin

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama)



Halmashauri iliponitaka niseme habari za pensheni, nadhani ilitazamia kwamba nitawasomea kanuni zetu wenyewe. Kanuni hizo mnazijua, na asiyezijua atazitafuta siku atakapoona mvi ya kwanza. Mimi nimependa kuwaletea habari za mwombaji mmoja wa mbali, mwanamke aliyekuwa karani kama sisi, mpiga taipu katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi. Jina lake Lily Mernin. Serikali huamini karatasi, nasi makarani twalijua jambo hilo kuliko watu wote. Naye alikuwa amefanya kazi ambayo sharti lake la kwanza ni kutoacha karatasi.

Tangu mwaka wa 1919 hata Julai 1921 jeshi la siri la Waayalandi, liitwalo IRA, lilipigana na Waingereza waliokuwa wakiitawala nchi ile. Lilikuwa na watu wachache na bunduki chache. Kwa hiyo mkuu wa upelelezi wake, Michael Collins, alitafuta nguvu zake katika ofisi za adui. Katika polisi ya Dublin alimpata karani aitwaye Broy, ambaye alipopiga taipu taarifa za siri alitia karatasi moja ya kaboni zaidi. (Naona wapiga taipu walioketi nyuma wanatazamana.) Na katika ofisi ya jeshi la Kiingereza, Kasri ya Dublin, alimpata Bibi Mernin, kwa njia ya jamaa yake Piaras Béaslaí.

Kazi ya Bibi Mernin ilikuwa hivi. Mchana alipiga taipu barua na hesabu za askari kwa mabwana wake. Jioni alikwenda katika nyumba moja ya barabara ya Clonliffe, aliyokuwa amepewa ufunguo wake. Ndani palikuwa na mashine ya taipu. Aliandika aliyoyaokota mchana ule, akatia katika bahasha, akaifunga, akaiacha pale pale, akafunga mlango, akaenda zake. Hakuonana na mtu. Siku nyingine alitembea na vijana wa upelelezi, akina Frank Saurin na Tom Cullen, hata kwenye michezo ya mpira, akawaonyesha ofisa fulani ni yupi.

Tena alikuwa na kazi moja ya kila juma, nayo ni kupiga taipu orodha ya majina na anwani za maofisa waliokaa katika nyumba za mjini wakijifanya raia. Orodha zile pia alizipeleka. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 21 Novemba 1920, watu wa Collins waliingia katika nyumba hizo na nyingine, wakawapiga risasi, wengine wakiwa kitandani. Waliouawa walizidi kumi. Alasiri ya siku ile ile askari na polisi wa Serikali walifyatua risasi katika uwanja wa mpira wa Croke Park, wakafa watu 14. Sikusimama hapa kumhukumu wala kumsifu. Nasema tu kwamba karani asidhani orodha aliyoipiga taipu ni wino mtupu.

Mwezi wa Februari 1922 Waingereza wakiondoka aliachishwa kazi, na mwezi wa Julai mwaka ule akaingia kuwa mpiga taipu katika jeshi la nchi yake mpya. Alikaa hapo miaka thelathini. Watu aliopita nao katika vyumba vya ofisi ile, wengi wao hawakujua wanapishana na nani.

Sasa nifike penye pensheni. Sheria ya kwanza ya kuwalipa watu waliopigana, ile ya 1924, iliwafaa hasa wale walioingia katika jeshi la Serikali mpya. Wanawake waliachwa karibu wote. Margaret Skinnider, aliyejeruhiwa kwa risasi katika maasi ya 1916, alipoomba malipo ya majeraha yake alijibiwa kwamba neno «askari» katika sheria lina maana ya mwanamume! Sheria ya 1934 ndiyo iliyofungua mlango zaidi, kwa wanawake na kwa wale waliokuwa upande wa pili katika vita ya wenyewe kwa wenyewe.

Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Utumishi ulikatwa vipande kwa tarehe, tangu 1916 hata 1923, na katika kila kipande mwombaji alitakiwa kueleza alikuwa wapi, chini ya amri ya nani, na alitenda nini. Kisha aliitwa mbele ya kamati akaulizwa kwa kiapo, na wakubwa wake wa zamani wakatakiwa kuandika kwamba ni kweli. Aliyekubaliwa alipewa daraja, kutoka A hata E, na wanawake wengi waliangukia E. Chini ya sheria hizo mbili waliomba watu zaidi ya 80,000. Waliopata hawakufika 20,000. Waliokataliwa walipata barua fupi ya kwamba wao si watu wanaohusika na Sheria. Hebu fikirini kuisoma barua hiyo mezani, mbele ya mkeo na watoto wako.

Askari wa kikosi anao wenzake wa kumshuhudia. Mpelelezi hana, na kadiri alivyoifanya kazi yake vizuri ndivyo mashahidi wake walivyo wachache. Katika nyumba ile ya Clonliffe nani angeapa kwamba alimwona? Collins, aliyewajua wote, aliuawa kwa risasi tarehe 22 Agosti 1922. Mwezi wa Machi 1932, siku chache kabla ya kukabidhi madaraka, waziri wa ulinzi aliamuru hati nyingi za siri za jeshi zitiwe moto. Na Béaslaí alipotoa kitabu chake cha maisha ya Collins mwaka wa 1926 hakumtaja jamaa yake kwa jina, alimwita «Lt. G.», hata msomaji aweza kudhani ni luteni, mwanamume mwenye nyota begani. Miaka mingi baadaye, alipohojiwa na ofisi iliyowekwa kukusanya historia ya vita ile, Bibi Mernin alisema mwenyewe kwamba Lt. G. ni yeye.

Pensheni aliipata. Alikuwa na bahati kwamba wachache waliomjua walikuwa bado hai. Alifariki mwaka wa 1957, na mafaili ya pensheni za namna yake yalianza kufunguliwa kwa wasomaji mwaka wa 2014.

Mimi nilipata kushika faili la tarishi mmoja, mahali nisipopataja. Miaka yake tisa ya kwanza haikuhesabiwa, kwa kuwa daftari la mishahara la miaka ile lililiwa na mchwa, na karani mkuu aliyemwandika alikuwa amekwisha kufa. Mzee yule aliitaja hata rangi ya mlango wa ofisi ile. Rangi ya mlango haina mahali pake katika fomu.

Waayalandi walipoona hati hazitoshi, viongozi wa zamani wa kila brigedi walikaa pamoja, katika miaka ya 1930, wakaandika kwa kukumbuka majina ya watu wao, kama walivyokuwa tarehe 11 Julai 1921, na tena tarehe 1 Julai 1922. Walikosea mengine, wakagombana kwa mengine, lakini majina yaliandikwa, na kamati ikapata kitu cha kutazama.

Kwa hiyo naleta ombi. Kila mwanachama aandike tarehe aliyoajiriwa, kituo chake cha kwanza, jina la mkubwa aliyempokea, na majina ya wawili waliofanya kazi naye ambao bado wako hai. Vibarua na matarishi wasiojua kuandika, tuwaandikie. Bwana Katibu amekubali kununua daftari, nalo liko mezani kwake tangu leo asubuhi.