Miezi Sita Isiyoanza: Ruzuku ya Nyumba kwa Watu Wenye Ulemavu nchini Uingereza



Ruzuku za kuboresha nyumba ziko za namna nyingi. Nitazungumzia moja tu: ile wanayopewa watu wenye ulemavu huko England ili mlango upanuliwe upitishe kiti cha magurudumu, kizingiti cha bafu kiondolewe, au lifti ya ngazi ifungwe.

Kwenye karatasi, sheria yake haina mchezo. Sheria ya mwaka 1996 inaitaka halmashauri itoe jibu la maandishi, la kukubali au kukataa, ndani ya miezi 6. Lakini miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ombi lilipowasilishwa, na ombi lina masharti yake. Sharti lieleze kazi itakayofanyika na, isipokuwa halmashauri imeelekeza vingine, liambatane na makadirio ya gharama ya wakandarasi wasiopungua wawili. Sasa fundi atakadiria nini kabla kazi haijajulikana? Na kazi haijulikani mpaka aje mtaalamu wa tiba kazi, amtazame mzee anavyopanda ngazi na kuingia bafuni, kisha aandike ripoti. Foleni ya kumsubiri mtaalamu huyo ndiyo inayochosha watu, nayo iko nje kabisa ya ile miezi 6. Halmashauri inaweza kusema kwa dhati kwamba haijavunja sheria, huku familia inaogesha mgonjwa sebuleni kwa beseni.

Katika maeneo yenye ngazi mbili za utawala mambo huzidi. Mtaalamu ni wa kaunti, ruzuku ni ya wilaya. Sheria yenyewe inauliza maswali mawili tofauti: je, kazi hii inahitajika na inamfaa mhusika? Na je, inawezekana kwa busara katika nyumba hii, kwa umri na hali yake? Kuhusu la kwanza, wilaya hushauriana na idara ya ustawi wa jamii. La pili huliamua yenyewe. Basi faili hutoka ofisi hii likaenda ile, na nyumba ile ile hukaguliwa tena.

Anayechoka kusubiri akaanza ujenzi kwa fedha za kukopa hujitia mtegoni, kwa kuwa kwa kawaida kazi iliyoanza kabla ya idhini haipewi ruzuku. Na hata idhini ikitoka, halmashauri inaruhusiwa kuahirisha malipo hadi miezi 12 tangu tarehe ya ombi. Kikomo cha fedha nacho kimekwama: pauni 30,000 tangu 2008. Nyumba inayohitaji chumba cha ziada chini hupita kiasi hicho upesi, ndipo huanza safari nyingine ya kutafuta pa kuzibia pengo.

Serikali inalijua tatizo. Mwongozo wake wa Machi 2022 unahesabu tangu mtu anapoomba msaada kwa mara ya kwanza hadi kazi inapokamilika: siku 55 za kazi kwa jambo la haraka na jepesi, siku 180 kwa lisilo la haraka na gumu. Hesabu hiyo ndiyo ya haki. Kasoro yake ni kwamba ni mwongozo tu. Chenye nguvu ya sheria kinaanza kuhesabu kwa kuchelewa, kinachoanza mapema hakina nguvu. Kuajiri wataalamu zaidi ni lazima, sibishi, ila mimi ningeanza na kuihamishia hesabu ya mwongozo ndani ya sheria, maana foleni isiyohesabiwa haina wa kuijibia.

Mpaka hilo lifanyike, sisi tunaowasindikiza wazee katika ofisi hizi tuna la kufanya. Ombi la kwanza lisiishie kwenye simu. Liandikwe, lipokelewe kwa tarehe, na nakala ibaki nyumbani. Malalamiko yakifika kwa mchunguzi wa serikali za mitaa, tarehe hiyo ndiyo itakayoonyesha mzee alianza kusubiri lini.