Tuwakumbuke Askari wa Pikipiki Waliouawa Wakiwa Kazini

Hotuba ya Kamati ya Jamii, iliyosomwa kwa niaba ya wakimbizi wenye asili ya Kabonga na mwambao wa Ziwa Tanganyika



Tumekusanyika leo kuwakumbuka askari waliopoteza maisha yao wakiwa kazini, na hasa wale wanaofanya doria kwa pikipiki. Wapo watakaouliza: wakimbizi na polisi, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Kamati imeonelea tulijibu mbele ya watu wote kuliko kulizunguka.

Sisi tuliotoka Kabonga, Nyanza-Lac na Rumonge hatukuzoea kumpokea mtu mwenye sare kwa furaha. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, ghasia zilipoanza upande wetu wa ziwa mwishoni mwa Aprili, na mauaji makubwa yaliyofuata katika nchi nzima. Wengine walikimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Wadogo wao walivuka mwaka 2015, wakajikuta makumi ya maelfu wamebanana katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikiwa kati yao, wakingoja zamu ya kupanda meli ya MV Liemba kwenda Kigoma. Katika miaka hiyo yote tulikimbia bunduki, na bunduki nyingi zilikuwa mikononi mwa watu wenye sare. Hatuwezi kusimama hapa tukajifanya tumesahau.

Lakini kuna methali inayosema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo hutumiwa sana kuhusu askari. Sisi wa ziwani tunajua namna nyingine ya kufanya. Ndagala zikifika pwani, mama huzichambua. Iliyooza hutupwa, nzima huanikwa. Asiyechambua hupoteza kikapu kizima. Basi leo tunachambua. Aliyetumia sare kuua hatumsifu, na siku ya kumhukumu itafika. Aliyekufa akiwa amevaa sare ili mwingine alale salama, huyo tunamheshimu, hata kama sare yake inafanana na ile tuliyoikimbia.

Tuseme sasa juu ya kazi yenyewe. Askari wa gari amezungukwa na bati na vioo, na ana wenzake pembeni. Askari wa pikipiki hana ukuta. Kinachomkinga ni kofia ngumu na koti lake. Mikono yote miwili imeshika usukani, hivyo hawezi kushika silaha upesi. Mlio wa injini humtangulia, na mwenye nia mbaya humsikia kabla ya kumwona. Usiku taa yake humwonyesha njia, na humwonyesha yeye pia kwa anayemvizia. Pamoja na hayo, masika yakianza na gari la mashirika likakwama kwenye tope, pikipiki ndiyo inayopita. Ndiyo inayofika kwenye njia za kuni, kwenye visima vya mbali, na kwenye nyumba za mwisho wa kambi ambako mama akipiga yowe sauti haifiki ofisini.

Hatari hiyo ipo duniani kote. Huko Texas, Marekani, siku ya Pasaka tarehe 1 Aprili 1934, askari watatu wa barabara kuu walikuwa katika doria kwa pikipiki karibu na mji wa Grapevine. Wawili kati yao, Edward Wheeler na H. D. Murphy, waliona gari limesimama kando ya njia. Inaelezwa kwamba walidhani ni msafiri aliyeharibikiwa, wakakata kona kwenda kumsaidia. Lilikuwa gari la genge la majambazi Bonnie na Clyde, nao wakapigwa risasi kabla ya kujitetea. Murphy alikuwa katika siku yake ya kwanza ya doria ya pikipiki, na harusi yake ilikuwa mwezi huo huo. Mchumba wake alikwenda mazikoni amevaa gauni la harusi. Askari wa tatu alikuwa ametangulia. Alipogeuka, wenzake hawakuwa nyuma yake. Hawa walikufa kwa sababu walisimama kusaidia.

Karibu na kwetu, nchini Tanzania, tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa huko Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mwezi Juni mwaka huo huo, askari wawili wa usalama barabarani waliuawa kwa risasi wilayani humo humo wakiwa kazini barabarani. Trafiki hana adui maalumu. Kazi yake ni kusimama mahali ambapo kila mtu anamwona. Na Kampala, tarehe 17 Machi 2017, afisa mkuu wa polisi wa Uganda, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa karibu na nyumbani kwake pamoja na mlinzi wake na dereva wake. Waliowaua walikuja kwa pikipiki. Chombo ni kile kile. Kinachotofautisha ni moyo wa aliyekipanda.

Ndugu zetu wa mashirika, ninyi pia mnalijua jambo hili. Tarehe 12 Oktoba 1999, katika kambi ya waliohamishwa ya Muzye, tarafa ya Giharo, mkoa wa Rutana, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikwenda kuangalia mahitaji ya watu. Luis Zúñiga wa UNICEF na Saskia von Meijenfeldt wa WFP waliuawa hapo, na Warundi pia waliuawa pamoja nao. Na tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, karibu na Bujumbura. Mwenye kusema kwamba kambi haihitaji ulinzi, na aende akaulize Gatumba.

Ndiyo maana Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1208 la Novemba 1998, lilisema kwamba usalama wa kambi za wakimbizi Afrika ni wajibu wa kwanza wa nchi inayowapokea, na kwamba kambi ibaki mahali pa raia, pasipo silaha wala wapiganaji. Katika miaka hiyo hiyo serikali ya Tanzania na UNHCR walipatana kuweka askari polisi maalumu kwa ajili ya kambi za Kigoma. Karatasi ya New York haiwezi kuzunguka kambi saa nane za usiku. Anayeizungusha ni kijana mmoja mwenye pikipiki, mwenye mke na watoto, mbali na kwao kama sisi tulivyo mbali na kwetu.

Basi Kamati haitaki ukumbusho huu uishie kwenye maneno. Tunaomba mambo manne.

Kwanza, kwetu wakaaji. Njia za ndani zisizibwe kwa matofali, kuni wala vibanda. Watoto wasitege kamba wala mawe barabarani kwa mchezo. Kamba iliyofungwa kifuani kwa mpanda pikipiki haina mchezo; inaua.

Pili, kwetu pia. Mwenye kujua silaha ilikofichwa, au wageni wanaoandikisha vijana usiku, amwambie kiongozi wa kijiji, sungusungu au polisi mapema. Askari mara nyingi hufa kwa habari ambayo jirani alikuwa nayo akanyamaza. Tunajua woga uliopo. Kwa hiyo tunaomba jina la mtoa habari lilindwe kweli, wala lisisikike kesho yake sokoni.

Tatu, kwa wakubwa wa polisi na kwa mashirika. Asitumwe askari mmoja peke yake usiku. Watoke wawili wawili, kila mmoja awe na kofia ngumu, taa nzima na simu ya upepo yenye betri. Na askari akiuawa, mjane wake asizungushwe ofisi kwa ofisi akidai haki ya mumewe. Sisi tunaijua foleni. Hatumtakii mtu mwingine.

Nne, kwa ninyi askari mlio mbele yetu. Heshima ya wenzenu waliokufa imo mikononi mwenu. Kila mnapomsimamisha mwanamke mwenye furushi la kuni mkamsikiliza bila kumpiga wala kumdai chochote, mnawaheshimu marehemu. Mkifanya kinyume, mnawavua sare wakiwa kaburini. Tunalisema hili bila chuki, kama watu wanaotaka kuwaamini.

Wengi wetu tunatumaini siku moja kukaa tena Kabonga, tuvue mukeke usiku na kuuza mawese mchana katika soko la Rumonge, na barabara ile ya kando ya ziwa, iliyokuwa ya kuviziana wakati wa vita, iwe njia ya watu wote. Siku hiyo tutahitaji askari atakayepita kwa pikipiki, nasi tusikimbilie migombani. Askari wa namna hiyo hatashuka kutoka mbinguni. Huanza kwa kijana aonaye hapa kambini kwamba sare inaweza kulinda, na kwamba anayekufa akilinda hasahauliki.

Sasa tunawaomba wote tusimame, tuvue kofia, tukae kimya kwa dakika moja. Tuwakumbuke askari wa pikipiki na askari wote waliouawa wakilinda wengine. Tuwakumbuke na wafanyakazi wa misaada, na ndugu zetu ambao usiku wao haukuwa na mlinzi.

Mungu awalaze mahali pema.