Mwili ni Amana: Tupime Kabla ya Kutumia Dawa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, ndugu zangu na dada zangu, baba zetu na mama zetu, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: dawa za kupunguza mwili.

Kila Ramadhan utamsikia mtu akisema, "Mwezi huu lazima nikonde." Jua likitua ni sambusa, viazi karai, mahamri na sharubati. Idi ikikaribia, nguo haiingii. Hapo ndipo huulizia vidonge, au ile sindano ya mara moja kwa wiki. Sasa basi, tuweke mizani.

Tuanze na faida, maana haki yapasa isemwe. Unene wa kupindukia ni maradhi, si uvivu tu kama watu wanavyodhani. Huleta sukari, presha na maumivu ya magoti. Dawa ya semaglutidi ilipata kibali Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa sukari, ikiitwa Ozempic, na mwaka 2021 kwa kupunguza uzito, ikiitwa Wegovy. Huiga homoni ya utumbo, ukajihisi umeshiba mapema. Katika utafiti uliochapishwa 2021, walioitumia kwa wiki 68, pamoja na mpango wa chakula na mazoezi, walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15. Yaani mwenye kilo 100 hufika kama 85. Na mwaka 2023 ilionekana kuwa kwa watu wanene wenye maradhi ya moyo, dawa hii ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Hilo si jambo dogo.

Upande wa pili je? Wengi hupata kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Wachache hupata mawe kwenye nyongo au kuvimba kongosho. Mama mjamzito haitumii, na anayetaka kushika mimba huiacha angalau miezi miwili kabla. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: watu wa utafiti ule walipoiacha, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili za uzito waliopoteza. Kwa hivyo si dawa ya msimu wa harusi. Anayeianza ajiulize kama ataweza kuilipia miaka na miaka.

Tusisahau pia yaliyopita. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010, kwani ilizidisha mshtuko wa moyo na kiharusi. Zote mbili zilikuwa dawa za kuandikiwa na daktari! Basi ukiandikiwa, usichukue dawa ukapotea. Rudi upimwe.

Je, ni nani anayestahili? Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Kwa kawaida dawa hizi ni za aliyefika 30, au 27 akiwa na maradhi kama presha au sukari. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 30 akiwa na kilo 77. Dada yangu wa urefu huo mwenye kilo 60, unayetaka ubaki na 52 kwa ajili ya gauni la Idi, wewe huna maradhi ya kutibiwa. Ukijidunga, hatari ni yako na faida huna.

Na saumu? Anayetapika au kuharisha mchana, naye hanywi maji, mwili hukauka na figo zaweza kuumia. Anayetumia pia insulini, sukari yaweza kushuka ghafla. Mwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa, wala si ushujaa kuikataa. Hukumu ya saumu muulize shekhe, hali ya mwili muulize daktari. Usimpe mmoja swali la mwenziwe.

Tena tahadhari na dawa za mkobani na za kuagizwa kwa simu. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutidi bandia. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni, ukiwa na cheti cha daktari.

Wazazi wetu, nanyi tunawaomba: msimwite mtoto "bonge" mbele ya wageni. Wengi hukimbilia vidonge kwa kukimbia maneno ya nyumbani. Mpunguzieni mafuta kwenye sahani ya futari, mtoke naye mtembee baada ya tarawehe.

Mwili ni amana. Mwenye maradhi atibiwe bila haya, na mzima asijitafutie maradhi. Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu na atupe afya njema, amin.